Ziwa Tanganyika linakuja au linaondoka? Njia ya ufukweni Ujiji imeliwa na maji, mnara wa Livingstone uko mbali na maji

#1 · JiraniWaStesheni

Wakuu, habari za huko.

Mwezi ujao mashemeji zangu wanakuja kwa treni kutoka Dodoma. Hawajawahi kuliona Tanganyika. Sitaki yale mambo ya kukodi bajaji, kupiga picha mnarani Ujiji, kula mgebuka, kulala. Nataka tutembee kwa miguu kando ya maji, wakubwa na watoto, tuone ziwa na watu wake.

Njia niliyokuwa naitegemea ni ya Ujiji: unashuka mpaka mwaloni, unapita kwa mafundi wa mitumbwi, halafu unaambaa na mchanga. Wiki iliyopita nimekwenda kuikagua. Kipande kizuri chote kimeingia majini. Kuna nyumba imebaki ukuta mmoja, mawimbi yanaingia sebuleni na kutoka, vitoto vimekaa dirishani vinavua kwa ndoana.

Sasa kinachonivuruga ni hiki. Shuleni tuliambiwa Stanley alimkuta Livingstone pale Ujiji mwaka 1872, na Ujiji ile ilikuwa bandari, mitumbwi inafika karibu kabisa na makazi ya watu. Leo ukitoka mnarani mpaka uguse maji lazima utembee. Maana yake ziwa lilirudi nyuma. Mbona sasa linakula nyumba? Wenye kujua mje. Na mnipe njia nyingine ya kuwapitisha wageni.

#2 · KuheMbichi

Uzi bila picha ni umbea. Weka picha ya hao watoto wa dirishani.

#3 · Mzawa_wa_Mwanga

Jibu fupi mkuu: Mkongo ameziba mto Lukuga. Ziwa hili lina mlango mmoja tu wa kutokea, uko Kalemie ng'ambo, maji yanakwenda mto Kongo. Pale pakizibwa, huku tunaogelea. Mengine mtaandika tu kujaza uzi.

#4 · NzegaMjini

Watu wa mwisho wa reli hamtabiriki. Maji yakipungua mnalia, yakizidi mnalia. Nipo huku mkoa wa Tabora na asali yangu, nasoma kimya.

#5 · KuheMbichi

Asali bila maji ya kunawa mikono. Pole sana.

#6 · MwalimuMstaafu_KGM

Mleta mada, kwanza tarehe. Walikutana 1871. Mwaka 1872 ndio walioagana, tena waliagana Kwihara, Tabora, kwa hiyo NzegaMjini naye ana haki ya kukaa kwenye uzi huu.

Pili, swali lako lina mashiko. Miaka ile ziwa lilikuwa juu kuliko leo, na lilikuwa linaendelea kupanda. Msafiri Mwingereza Cameron alipofika Lukuga mwaka 1874 alikuta mdomo wa mto umejaa mafunjo. Stanley aliporudi na kulizunguka ziwa zima mwaka 1876, maji yalikuwa bado hayajapata njia ya kutoka sawasawa. Miaka michache baadaye kizuizi kikabomoka. Mmisionari Hore, aliyekuwa anaishi hapa hapa Ujiji, alikwenda mwaka 1879 akakuta Lukuga inakimbia kwa nguvu. Kuanzia hapo ziwa likashuka karibu mita 10 kabla karne ile haijaisha. Ndiyo maana mnara umebaki juu na maji yako chini.

Halafu kuna kichekesho ndani yake. Wasafiri Burton na Speke walifika 1858 wakaondoka bila kukubaliana mto Ruzizi unaingia ziwani au unatoka. Wenyeji walishawaambia unaingia, lakini mgeni mpaka aone. Livingstone na Stanley wakapanda mtumbwi mwisho wa mwaka ule ule wa 1871, wakaenda mpaka kaskazini kuangalia. Unaingia. Yaani wazungu wote wale walikuwa wanatafuta tundu la ziwa, na tundu lenyewe lilikuwa limeziba.

#7 · Mzawa_wa_Mwanga

Mmeona? Nilisema Lukuga. Mwalimu kanipigia muhuri.

#8 · MwalimuMstaafu_KGM

Sijakupigia muhuri, mwanangu. Nimesema mto ule uliziba kwa mafunjo na tope karne ya 19. Sijasema kuna mtu alisimama na koleo.

#9 · MpimaArdhi

Niongezee hapo kwa Mwalimu (#6), maana historia ameimaliza ila kuna vitu viwili vimebaki.

Cha kwanza, Lukuga siyo mlango mkubwa kama Mzawa anavyodhani. Sehemu kubwa kabisa ya maji yanayopotea Tanganyika hupotea kwa mvuke, jua linayachukua. Mto unatoa kiasi kidogo. Kwa hiyo hata ukiuziba kabisa leo, ziwa haliwezi kuruka ghafla na kuingia sebuleni kwa mtu. Kilichotokea ni mvua. Mvua za mwishoni mwa 2019 na mwaka 2020 zilipandisha maziwa karibu yote ya ukanda huu. Victoria ilipanda. Kenya, Naivasha na Baringo zilihamisha watu. Hayo maziwa yana Lukuga gani? Na si mara ya kwanza. Mvua kubwa za 1961 na 1962 zilifanya hivyo hivyo, na mwaka 1964 Tanganyika ilikuwa juu sana. Waulizeni wazee waliokuwa Kigoma wakati ule.

Cha pili ndicho kinachojibu swali la Ujiji, na watu wengi hawakioni: mteremko. Maji yakipanda mita mbili kwenye majabali ya Katonga, unasogea hatua chache tu, unaendelea na safari. Maji yakipanda mita mbili kwenye ardhi bapa ya Ujiji au Kibirizi, yanaingia ndani mtaa mzima. Ni ziwa lile lile na kipimo kile kile. Kwa hiyo mnara kuwa mbali na nyumba kuliwa havipingani. Lilishuka mita nyingi miaka ile, sasa limepanda chache, na Ujiji inayasikia yote mawili kwa sababu ni tambarare.

#10 · KuheMbichi

Huyu ndiye mtu wa kukaa naye kijiweni.

#11 · BintiKibirizi

MpimaArdhi umesema kweli kuhusu mtaa mzima.

Mama yangu anaanika dagaa Kibirizi. Zamani mpangilio ulikuwa hivi: maji, chanja za waya, njia ya watu, vibanda vya chai, halafu nyumba. Maji yalipopanda, chanja zikahamia kwenye njia, njia ikahamia kwenye vibanda, vibanda vikaingia uani kwa watu. Sasa mtu ukitaka kuweka chanja unalipia ua wa mwenzako, na ugomvi hauishi. Dagaa walio kwenye chanja za mbele wakirushiwa maji na wimbi la mchana inabidi waanze kukauka upya, na ukichelewa kuwageuza wanashikana, rangi inabadilika. Mnunuzi wa kutoka Dar akipekua kidogo akaona weusi, anashusha bei hapo hapo mbele yako, wala haoni haya.

Kwa hiyo mleta mada, ukipita na wageni Kibirizi, wapitishe asubuhi wakati wa kuanika. Ila wasikanyage nyavu zilizotandazwa, na wasipige watu picha bila kuomba.

#12 · Afisa_Mstaafu

Pole dada, lakini na sheria nayo isemwe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Watu wamejenga ndani ya mita 60, ziwa limekuja kuchukua eneo lake, halafu tunatafuta mchawi.

#13 · BintiKibirizi

Afisa, shikamoo. Bibi yangu alikuwa analima mihogo mahali ambapo leo kuna maji. Mita 60 zake zilikuwepo. Ziwa ndilo lililozimaliza.

#14 · MpimaArdhi

Hapo kuna utamu. Mita 60 unapima kutoka ukingo wa mwaka gani? Wa 1964? Wa 2005 maji yalipokuwa chini? Wa leo? Mtu mmoja anaweza kulala akiwa halali akaamka ni mvamizi, na kitanda hajakisogeza.

#15 · Afisa_Mstaafu

Nitarudi na jibu.

#16 · KuheMbichi

Hatarudi huyo.

#17 · MtunzaMiche

Mimi naona wote mnazunguka. Tazameni milima. Ukitoka Kibirizi kwenda kaskazini, vilima vya vijiji vimebaki vipara, ukifika mpaka wa hifadhi ya Gombe ndipo unaona msitu unaanza kama umekatwa kwa wembe. Mvua ikinyesha udongo wote unashuka ziwani. Tope linajaza chini, maji yanapanda juu. Fizikia ya darasa la saba hiyo.

#18 · Mzawa_wa_Mwanga

Ziwa lenye kina kirefu kuliko yote duniani lijazwe na tope la Kalalangabo? Acha utani.

#19 · MwalimuMstaafu_KGM

La pili duniani. La kwanza ni Baikal, Urusi. Tanganyika ni mita 1,470 hivi, na urefu wake ni zaidi ya kilomita 670. Uso wa ziwa uko kwenye mita 770 na kitu juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo sakafu yake iko chini ya usawa wa bahari kwa mita kama 700. Hapo MtunzaMiche, tope la vilima vyetu lingehitaji subira ndefu.

#20 · MtunzaMiche

Sawa, kulijaza lote hapana. Lakini mdomoni mwa mto Luiche pale kusini mwa Ujiji tope linafanya kazi, tena kubwa. Linasogeza nchi kavu mbele. Kuna watu wanalima mpunga kwenye ardhi iliyoletwa na mto. Kwa hiyo pembeni ya Ujiji upande mmoja ziwa linakula, upande mwingine mto unalisha. Mleta mada kapita upande unaoliwa, angepita ule mwingine angefungua uzi kinyume chake.

#21 · MpimaArdhi

Hiyo ya Luiche nakubali. Na inaweza kuwa sehemu ya sababu ya mnara kuwa mbali pia, siyo Lukuga peke yake. Mwalimu unasemaje?

#22 · MwalimuMstaafu_KGM

Nasema mnara hauko mdomoni mwa Luiche. Lakini sipigi ngumi mezani.

#23 · KijanaWaGungu

Na tetemeko je? Desemba 5 mwaka 2005 ziwa lilitikisika, lile tetemeko la 6.8 lililoumiza Kalemie. Kigoma tulilisikia vizuri, nilikuwa darasani, tulitokea madirishani. Hili ni Bonde la Ufa, ardhi inaachana. Pengine upande wetu umezama kidogo, ndiyo maana maji yanaonekana yamepanda.

#24 · MpimaArdhi

Upande wetu ungezama peke yetu, basi Bujumbura na Uvira wangekuwa salama. Nao wamefurika. Bonde la Ufa ndilo lililolichimba ziwa, ila hiyo ni kazi ya mamilioni ya miaka, haishughuliki na kibanda cha chai.

#25 · KijanaWaGungu

Labda pande zote zimezama.

#26 · KuheMbichi

Tuishie hapo tu wakuu, tutafika Zambia.

#27 · MtuWaBuhingu

Salaam kwenu. Mimi ni wa kusini, kule karibu na Mahale. Huku kwetu wazee wana maneno yao na hayajatajwa.

Ziwa lina vipindi. Linakwenda, linarudi, na anayejenga karibu anajua amekopa. Wazee walikuwa hawapiti rasi ya Kabogo bila kutupa kitu majini, shanga au chochote, kwa sababu pale pana wenyewe. Pia Kabogo palikuwa panalia, sauti kubwa inasikika mbali, hata Stanley aliandika habari zake alipopita. Siku hizi vijana wana mashine nyuma ya boti, wanapita wamewasha muziki, hawatupi chochote. Nimeulizwa mara nyingi na watu wa miradi kwa nini maji yamepanda. Nikiwaambia hivi wanaandika kwenye daftari halafu wanauliza swali lingine.

#28 · Mzawa_wa_Mwanga

Shikamoo mzee. Kabogo pana mapango, wimbi likiingia linapiga kelele. Hiyo siyo mizimu.

#29 · MtuWaBuhingu

Marahaba. Nani kakuambia mizimu haikai mapangoni?

#30 · KuheMbichi

Mzawa leo kapatikana.

#31 · DogoWaSayansi

Mbona hamsemi kwamba hili ziwa lilikuwa bahari? Kuna yavuyavu humu ndani, wadogo, wanang'aa, hawachomi. Kuna konokono wenye magamba mazito kama ya baharini. Kuna kaa. Dagaa wetu wana ukoo na wa baharini. Bahari ina kupwa na kujaa. Pengine ziwa bado linakumbuka.

#32 · MwalimuMstaafu_KGM

Umeandika vizuri mpaka sentensi ya mwisho. Hoja hiyo ni ya zamani. Mwingereza mmoja aitwaye Moore alikuja hapa miaka ya 1890 akaona yavuyavu na konokono hao hao, akasema Tanganyika ni kipande cha bahari ya kale kilichosahaulika. Safari nyingine ya utafiti ikaja 1904 na 1905 chini ya Cunnington, nayo ikaipinga. Ziwa limekaa peke yake muda mrefu sana, miaka milioni 9 mpaka 12 hivi, viumbe wake wakajibadilisha humu humu. Yale magamba mazito yanafikiriwa ni kinga dhidi ya kaa wanaoyavunja.

Na kupwa na kujaa hakuna kwa maana ya bahari. Kuna upepo. Upepo wa kusini mashariki wa Mei mpaka Septemba unasukuma maji ya juu kwenda kaskazini, ukikata yanarudi. Wavuvi wanalijua hilo bila kusoma.

#33 · JiraniWaStesheni

Wakuu nashukuru, nimejifunza mengi. Ila mashemeji wanafika, na sijapata njia. Niwaambie tukae sebuleni tusome uzi?

#34 · NahodhaMstaafu

Sikia mkuu, mimi nimefanya kazi ya boti za abiria kwenda Kagunga. Njia ya kaskazini ndiyo yenye sura ya ziwa. Unaanzia Kibirizi, unapita Kalalangabo, Kagongo, Kigalye, Mtanga, halafu mpaka wa Gombe. Siyo njia ya kusukuma mkokoteni. Ni njia ya watu: mara uko kwenye changarawe, mara unapanda rasi, unashuka kijijini, unavuka kijito, watoto wanakusindikiza. Kwa kuwa una watoto, nenda Kalalangabo urudi. Usijifanye mwanaume ukafika Mtanga halafu shemeji yako akavimba miguu.

Toka mapema. Asubuhi ziwa limetulia, unaona mpaka mawe ya chini. Kuanzia mchana upepo unaamka, na miezi ya kiangazi mawimbi yanakula ufukwe mwembamba, unajikuta unapita juu ya mashamba ya watu ya mihogo. Boti za abiria za kaskazini zinaondoka Kibirizi mchana, Jumapili hakuna, na zinarudi alfajiri. Kwa hiyo usipange kwenda kwa miguu na kurudi kwa boti siku hiyo hiyo. Wageni wengi wanakwama hapo.

#35 · KijanaWaGungu

Akiwa na nguvu anaweza kuunganisha mpaka ndani ya Gombe kwa ufukweni. Watu wa Mwamgongo wanapita kila siku.

#36 · NahodhaMstaafu

Usimtie mwenzako matatani. Gombe ni hifadhi ya taifa tangu 1968. Mwanakijiji anayejulikana kwenda kwao ni habari nyingine. Mgeni na mashemeji zake ni watalii, wanalipa kiingilio na wanapewa muongozaji. Sokwe wale wanaambukizwa mafua ya binadamu, ndiyo maana kuna umbali wa kukaa na ukiwa na kikohozi unaachwa nje. Tangu mtafiti wa sokwe Jane Goodall afike 1960 pale pamekuwa mahali pa utaratibu. Mama yule kafariki Oktoba 2025, boti nyingi siku ile ziwani zilikuwa na habari hiyo tu.

#37 · Mama_Katonga

Mbona hamtaji kwetu? Katonga na vijifukwe vya majabali kusini mwa mji ndiko kwa kuleta watoto. Vilima vifupi, njia ya vumbi, unashuka kwenye jabali unakaa. Maji meupe, samaki wa rangi unawaona ukiwa umesimama. Wale wa bluu na njano ambao wazungu wanawanunua kuweka kwenye vioo sebuleni, watoto wetu wanawarushia makombo ya ugali.

Mkiona nyoka mrefu mwenye pete nyeusi anaogelea karibu na mawe msipige kelele. Ni swila wa majini, anakula samaki, ana sumu kali lakini ana haya. Anakwenda zake.

#38 · KuheMbichi

"Ana sumu kali lakini ana haya." Kama mama mkwe wangu.

#39 · Daktari_wa_Kata

Niweke neno la kazi. Kuogelea kuna kichocho, hata kwenye maji yanayoonekana safi, hata kwenye mawe. Konokono wanaoeneza wapo pande za Kigoma. Mgeni akioga ziwani, apime baada ya wiki sita au zaidi, akipima wiki ile ile majibu yanaweza kusema hana. Dawa ipo, prazikwanteli, siyo ya kuogopa. Watoto wa hapa wanapewa mashuleni. Wanaosahaulika ni wageni: wanarudi kwao, wanaanza kukojoa damu au tumbo linasumbua, wanatibiwa malaria na taifodi.

#40 · Mzawa_wa_Mwanga

Daktari, na mamba?

#41 · NahodhaMstaafu

Mamba uliza wenyeji wa ufukwe huo huo, siku hiyo hiyo. Midomo ya mito ndiyo ya kuogopa: Luiche, na zaidi Malagarasi kule Ilagala, huko na viboko wapo. Ukiona akinamama hawafui mahali na maji ni mazuri, usijiulize mara mbili.

#42 · MtunzaMiche

Sasa maji yalivyoingia mashambani na kwenye mafunjo mapya, mamba nao wamesogea. Mnaona kila kitu kinarudi kwenye hoja yangu ya mazingira?

#43 · MpimaArdhi

Kinarudi kwenye mvua.

#44 · Mzawa_wa_Mwanga

Kinarudi Lukuga.

#45 · BintiKibirizi

Jirani, wageni wako wakija waoneshe taa. Usiku ukikaa kilimani juu ya Kibirizi unaona boti za dagaa zimewasha taa ziwani, mstari mrefu unaelekea Kongo. Ila angalia mwezi. Mbalamwezi ikiwa kubwa hawatoki, dagaa hawafuati taa. Ndipo utakuta wavuvi wanashona nyavu mchana na kudaiwa madeni. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kabisa, Mei 15 mpaka Agosti 15, nchi zote nne zilikubaliana ili samaki wazaliane. Usiku ule wa kwanza kulikuwa giza mpaka unajiuliza uko wapi. Mama alikaa miezi mitatu anauza maandazi. Lilipofunguliwa wengine wanasema dagaa waliongezeka, wengine wanasema ni wale wale. Mimi nilichoona ni kwamba siku za kwanza bei ilishuka, halafu ikarudi.

#46 · Afisa_Mstaafu

Nimerudi. KuheMbichi futa maneno yako.

Kuhusu mita 60: kinachotakiwa ni mipaka kuwekwa na kuonyeshwa kwa alama, siyo kila mtu kupima kwa kamba yake. Kwenye mji wetu kuna sehemu alama ziliwekwa, na nyingine sasa ziko ndani ya maji.

#47 · MpimaArdhi

Kwa hiyo alama zenyewe zimevunja sheria.

#48 · JiraniWaStesheni

Nimeamua: siku ya kwanza Katonga, siku ya pili Kibirizi alfajiri kuona dagaa halafu Kalalangabo na kurudi kabla ya upepo. Ujiji tutakwenda jioni kwa mafundi wa mitumbwi. Asanteni wote. Liemba ndiyo nilitaka niwapandishe, lakini bado matengenezo.

#49 · MwalimuMstaafu_KGM

Waoneshe hata kwa kuitaja tu. Meli iliyotengenezwa Ujerumani 1913, ikaletwa vipande vipande, ikaungwa hapa Kigoma, ikazamishwa na wenyewe Wajerumani 1916, ikaibuliwa 1924, ikaanza tena kazi 1927. Imeshakaa chini ya ziwa miaka minane. Matengenezo haya ni mapumziko tu.

#50 · NzegaMjini

Nimesoma kurasa zote, na hakuna aliyesema mashemeji wakishuka Tabora watafaidi nini. Tuna bwawa la Igombe, unatembea kwenye tuta, ndege wa kila aina, hakuna wimbi wala swila mwenye haya. Tuna Ziwa Sagara na mabonde ya Malagarasi na Moyowosi, eneo la kwanza la Tanzania kuingia kwenye mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhioevu, mwaka 2000. Hekta zaidi ya milioni tatu. Korongo domo-kiatu anakaa huko. Nyinyi mna dagaa.

#51 · KuheMbichi

Nyinyi mnaoletewa maji ya kunywa kwa bomba kutoka Ziwa Victoria, leo mnatangaza maziwa?

#52 · NzegaMjini

Bomba ni maendeleo. Nyinyi ziwa liko mlangoni, tena kwa wengine limeingia ndani, na bado mnabeba ndoo.

#53 · BintiKibirizi

Hiyo imetupata.

#54 · KijanaWaGungu

Lakini Ziwa Sagara ni la Kigoma. Acheni kujitwalia.

#55 · NzegaMjini

Sagara ni la Tabora, fungua ramani.

#56 · MpimaArdhi

Ramani ya msimu gani? Sagara la masika na Sagara la kiangazi ni maziwa mawili tofauti.